Jicho la Baba Halistaafu

Kulikuwa na nchi iliyoitwa Nyookeni, na huenda ipo hata sasa, mradi haijahamishwa na Wizara ya Mahali. Mambo yake yalikuwa mazuri. Aliyesema hayakuwa mazuri hakuwapo, au alikuwapo lakini hayupo tena, kwa hiyo ushahidi wake haufai.

Nyookeni ilitawaliwa na Baba Dira, na ilikuwa na setilaiti moja iliyoitwa Jicho la Baba. Ilirushwa angani siku ileile Baba alipoapishwa, na kazi yake ilikuwa kumwambia kila raia mahali alipo. Kila mtu mzima alitembea na kielekezi, kidude cha kutosha kiganjani, na sheria ilisema kwamba mtu yupo pale kielekezi chake kinaposema yupo. Ushahidi wa macho na miguu haukupokelewa mahakamani.

Aliyeitunza setilaiti hiyo kutoka huku chini alikuwa Mhandisi Sikudhani, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, mkuu wa kituo cha kuiongozea kilichojengwa kilimani nje ya mji mkuu. Alikuwa mwoga. Hakuzaliwa hivyo, kwani utotoni aliwahi kumfukuza fisi kwa fagio. Woga ulimjia pamoja na cheo, siku alipokalishwa kwenye kiti cha mtangulizi wake, Mzee Chilongani, akakikuta bado kina joto. Mzee huyo alikuwa amesema mkutanini kwamba setilaiti, kama kiumbe chochote, ina siku zake. Jioni ileile akapelekwa masomoni ng'ambo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mpaka leo hajahitimu.

Shida ni kwamba Mzee Chilongani alisema kweli. Jicho la Baba lilitengenezwa lifanye kazi miaka kumi na miwili, na sasa lilikuwa linaelekea ishirini. Ndani yake mlikuwa na saa tatu za usahihi wa ajabu, maana setilaiti ya kuelekeza njia haina siri nyingine ila kujua wakati. Ikikosea saa kwa kiasi kisichoonekana, watu wa chini hupotea. Saa mbili zilikwisha kufa, na ya tatu ilichechemea. Mafuta yaliyosalia yalitosha safari moja tu, ile ya mwisho, kwani setilaiti ikizeeka hupandishwa juu zaidi, kwenye makaburi ya setilaiti, ikazimwa huko isije ikazurura na kuwagonga wenzake.

Tena kulikuwa na jambo ambalo halikusemwa hata chooni. Jicho la Baba halikuona peke yake. Lilisikiliza setilaiti nyingi za mataifa mengine, likazisahihisha kidogo, kisha likawatangazia Wananyookeni kana kwamba limeona lenyewe. Vielekezi vilifungwa visizisikilize zile za wageni, isipokuwa Jicho likinyamaza kabisa, jambo ambalo Wizara ilithibitisha kwamba haliwezi kutokea.

Asubuhi moja Sikudhani aliketi mbele ya kioo cha kompyuta yake akaona kwamba kituo kimo katikati ya bwawa la majitaka. Akachungulia dirishani. Nje kulikuwa na nyasi na mbuzi wa mlinzi. Akatazama kioo tena, na jasho jembamba likaanza kumtoka mgongoni, kwa sababu mgongo wake ulikuwa unatazamwa. Nyuma yake alikaa Afande Pazi, ofisa wa usalama aliyepangiwa kukaa nyuma yake tu, mtu mnene mwenye adabu, aliyeshinda akimenya machungwa kwa ganda moja refu lisilokatika.

"Kuna jambo, Mhandisi?" Pazi aliuliza.

"Hapana, Afande."

"Umeshusha pumzi."

"Nimepandisha pia."

Pazi akatafakari. "Basi ni sawa," akasema, akaendelea na chungwa.

Ile saa ya tatu ilikuwa imeanza kufa. Sikudhani alijua kosa litakua siku hadi siku. Kunyamaza kulikuwa hatari na kusema kulikuwa hatari, ila kunyamaza kulikuwa na hatari ya baadaye. Alinyamaza juma zima. Kisha gari la wagonjwa likamfikisha mama mwenye uchungu kwenye kambi ya jeshi, akajifungulia katika chumba cha silaha, na mtoto akasajiliwa kuwa kuruta. Hapo Sikudhani akajikaza, akaenda kumwona Waziri wa Mahali.

Waziri Kandonga alikuwa mtu mdogo aliyekalia kiti kikubwa, na alikuwa na desturi ya kutojibu salamu, ili asije akaonekana amekubaliana na mtu. Sikudhani alimweleza kwa maneno aliyoyapima njia nzima: kwamba setilaiti imetumika kwa heshima, kwamba muda wake wa utumishi umepita hata inakiona kituo chake bwawani, na kwamba ingefaa ipumzishwe kabla mafuta hayajaisha.

"Imerushwa lini?" Waziri aliuliza.

"Siku ya kuapishwa kwa Baba, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo unachoniambia ni kwamba walioanza kazi siku ile wamechoka. Muda wao umepita. Wapumzishwe kabla hawajaishiwa."

"Nasema setilaiti, Mheshimiwa."

"Mimi pia nasema setilaiti. Nani hapa anasema kitu kingine?" Waziri alitazama dari, halafu chungu cha maua, halafu tena dari. "Sikiliza, Mhandisi. Jicho halikosei. Kama linaona kituo kiko bwawani na wewe unakiona kilimani, kilichosogea ni kilima. Ardhi yetu ina tabia hiyo. Itachukuliwa hatua."

Hatua zikachukuliwa. Baraza lilipitisha Sheria ya Kurejea Mahali, na Waziri akahutubia taifa kwa saa nyingi, akisema kwamba maadui wameisogeza nchi wakati wananchi wamelala. Soko la Mchikichini lilihamishiwa kwenye kinamasi ambacho kielekezi kilikiita soko, na wachuuzi wakauza nyanya maji yakiwa kiunoni. Mzee mmoja aliyelala kitandani kwake alishtakiwa kwa kuogelea mtoni bila kibali. Hakimu aliyeisikiliza kesi aligundua katikati ya hukumu kwamba yeye mwenyewe ameketi nje ya wilaya yake, akajiamuru akamatwe, naye akajisifu kwa kutojipendelea.

Kisha ikaamriwa kwamba vioo vya mbele vya magari yote ya serikali vibandikwe karatasi, ili madereva wasishawishiwe na barabara. Dereva wa lori la mbao la serikali alifuata kielekezi hadi daraja la Korongo la Kware, na daraja halikuwapo. Lilikuwa mbali, upande wa kushoto. Redio ilitangaza kwamba dereva amevuka salama, kwa kuwa kielekezi chake, kutoka huko chini kilikoangukia, kiliendelea kuonyesha kwamba yuko darajani. Mkewe alipelekewa pongezi.

Sikudhani aliisikia taarifa hiyo akiwa jikoni kwake, mwiko mkononi. Akazima moto, akaketi sakafuni. Alimfikiria yule mke akishika pongezi zile. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida, akaeleza hali ya setilaiti kuwa njema, kama alivyoeleza jana, na Afande Pazi akampa nusu ya chungwa.

Mama yake, Bi. Mwatabu, aliishi Kisiwandege, kijiji cha mpakani, katika nyumba aliyozaliwa. Siku moja simu ikalia, naye alikuwa akizungumza kwa kunong'ona.

"Mwanangu, nimehamia ng'ambo."

"Ng'ambo wapi, mama?"

"Sijui. Sijatoka. Wamekuja askari na vidude vyao, wakasema kijiji kizima kimo nchi ya jirani, na sisi tuliomo ni wageni tulioingia kinyemela. Wananiuliza nimeingia lini. Nimewaambia nimezaliwa hapa. Wananiuliza hapa ni wapi."

"Uko wapi sasa?"

"Ndiyo hilo wanalouliza wao." Akakohoa. "Tuko kwenye ua wa shule, tumezungushiwa seng'enge. Kuna watoto wanalia. Jumamosi wanaturudisha kwetu, kwa malori. Sikudhani, kwetu ni wapi?"

Simu ikakatika. Sikudhani alisimama na kile kipande cha kimya sikioni. Aliijua barabara ya kutoka Kisiwandege kwenda nchi ya jirani, kwani ilikuwa moja tu, na ilivuka Korongo la Kware. Malori yalikuwa ya serikali, na vioo vyake vilikuwa vimebandikwa karatasi.

Alikwenda kwa Waziri akikaribia kukimbia. Waziri alimsikiliza akiwa amesimama nyuma ya kiti, kana kwamba kiti kitamkinga.

"Mama yako huyo ni raia wa nchi gani?"

"Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulikula wali kwake wakati wa kampeni."

"Sikumbuki kula nchi za nje."

"Watatumbukia korongoni. Wote. Unajua kwamba watatumbukia."

Waziri alikishika kiti kwa mikono miwili. Mwishowe akasema polepole, kama mtu anayesoma kaburi lake mwenyewe, "Nikisema daraja haliko pale, nimesema Jicho limekosea. Nikisema Jicho limekosea, mimi nitakuwa wapi Jumapili? Nina watoto, Mhandisi. Nenda kazini."

Siku ya Ijumaa mji wote uliitwa uwanjani kufanya mazoezi ya gwaride la sherehe ya kutimiza miaka ishirini ya Baba na Jicho lake, na wafanyakazi wa kituo wakaenda. Walibaki wawili, Sikudhani mbele ya kioo na Pazi nyuma yake. Mchana ulikuwa mkali, feni ililalamika. Sikudhani alikuwa hajala tangu juzi. Alikuwa amefikiri njia nyingi na zote zilimrudisha pale pale: setilaiti ikinyamaza kabisa, vielekezi vitasikiliza zile za wageni, na kila kitu kitarudi mahali pake. Na asipoipandisha sasa, hata mafuta ya safari ile yatakuwa yamekwisha, na itabaki kuzurura juu ya vichwa vya watu kama lori lisilo na breki.

Alianza kuandika amri. Neno moja aliliandika mara nne. Nyuma yake kisu kikaacha kumenya.

"Unafanya nini, Mhandisi?"

Alitaka kusema uongo, lakini hofu ilikuwa imeukausha uongo wote, ikabaki kweli tu, nayo ikatoka kwa sauti nyembamba. "Naipandisha juu."

Pazi alisogea na kiti chake. "Jicho la Baba?"

"Ndiyo, Afande. Juu zaidi ya zote. Huko hakuna atakayeisumbua."

"Kabla ya sherehe?"

"Kabla ya sherehe."

Pazi aliweka kisu chini. Kisha yule mtu mnene akafuta mikono kwa kitambaa, mmoja mmoja, akasimama wima kama aliye mbele ya bendera. "Miaka yote hii nimekaa nyuma tu," akasema. "Ningeomba kushiriki. Nibonyeze wapi?"

Sikudhani alimwonyesha. Pazi akabonyeza kwa kidole chenye harufu ya chungwa. Huko juu setilaiti iliwasha mafuta yake ya mwisho, ikaanza kupanda. Ilipofika ilikofika, Sikudhani akaamuru redio zake zinyamaze, na kile kimulimuli cha kijani alichokitazama miaka yote kikazimika. Pazi aliuliza kama ndiyo imefika. Akajibiwa kwamba imefika. Akapiga saluti.

Jumamosi malori yaliondoka Kisiwandege. Kamanda wa msafara, aliyeapa kukifuata kielekezi hata kaburini, alikwenda mwendo mdogo tu kabla hajaona ajabu: kielekezi kilisema kwamba wageni aliowabeba wanatoka palepale alikowachukua, na kwamba pale ni ndani ya Nyookeni. Akaamuru malori yageuze. Akawateremsha kwenye ua wa shule, akawasomea hotuba ya kuwakaribisha nyumbani, na Bi. Mwatabu akarudi kuokota mahindi yake yaliyoanikwa, ambayo kuku walikuwa wameyapunguza sana.

Sikudhani aliitwa Wizarani Jumapili. Alivaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba masomoni kuna baridi. Waziri Kandonga alimpokea akicheka.

"Limepona," akasema. "Nchi nzima iko mahali pake. Baba amefurahi. Ameliongezea Jicho utumishi wa maisha, na mimi pia, kwa pamoja."

"Mheshimiwa," Sikudhani akasema. Akakaa bila kuambiwa. "Halikupona. Limezimwa. Liko makaburini, na halirudi."

Kicheko kilibaki usoni mwa Waziri kwa muda, hakina mwenyewe. Akaenda kufunga dirisha. Akafunga pazia. Akarudi akachuchumaa kando ya kiti cha Sikudhani, akanong'ona, "Nani mwingine anajua?"

"Pazi alibonyeza, lakini anadhani ni kupandishwa cheo."

"Na ni kupandishwa cheo," Waziri akasema haraka. "Na wewe hukuniambia kitu. Na mimi sikuchuchumaa." Akasimama. "Sasa kuna balaa. Nimemwahidi Baba kwamba siku ya sherehe Jicho litamsalimu kwa sauti yake lenyewe, mbele ya watu wote. Nilidhani utalitengenezea njia."

"Limekufa, Mheshimiwa."

"Basi litasalimu likiwa hivyo hivyo," Waziri akasema, akamtazama kooni.

Siku ya sherehe mvua ilianza kunyesha asubuhi haikukata. Watu waliletwa uwanjani kwa malaki, wakasimama kwenye tope, watoto wamefunikwa kwa kanga zilizolowa. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla ya Baba, na Baba hakuwa na haraka, maana jukwaa lake lilikuwa na paa, na pembezoni mwa paa walisimama mawaziri na miavuli yao. Gwaride lilipita mara tatu. Nyuma ya jukwaa, katika kibanda cha turubai, Sikudhani alikaa na kipaza sauti kilichounganishwa na spika za uwanja wote. Waziri Kandonga alisimama karibu naye, akimwuma sikio: "Utasema 'Shikamoo, Baba.' Basi. Ukiongeza neno tumekwisha."

Baba Dira alisimama. Alikuwa mzee kuliko picha zake. Akainua uso mbinguni, uwanja wote ukanyamaza, ikabaki mvua.

"Shikamoo, Baba," Sikudhani akasema, na sauti yake ya taratibu ikashuka kutoka kila pembe, ikamtisha hata yeye.

"Marahaba," akajibu Baba. Alionekana ameguswa. Umati ukapiga makofi yaliyolowa. Waziri akavuta pumzi, akanyoosha mkono kuuzima mtambo.

Lakini Baba hakuketi. Aliendelea kutazama juu, akauliza, kwa sauti isiyo ya hotuba, kama mzee aliyeamka kwenye chumba asichokitambua: "Jicho langu, hebu niambie. Niko wapi?"

Mkono wa Waziri uliganda hewani. Hilo ndilo swali moja ambalo setilaiti ya kuelekeza njia haiwezi kukataa kulijibu. Uwanja ulisubiri. Mlinzi wa Baba aligeuka akatazama turubai. Sikudhani alitaka kusema "Uko mioyoni mwetu," maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, kila mtu alikuwa nayo mdomoni. Kisha akaona, kwenye tundu la turubai, mwanamke mmoja aliyempakata mtoto, mtoto midomo ya bluu kwa baridi, mama akipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja lake kwa kuwa wa pili umeshika. Hofu ilimbana Sikudhani kifuani hadi hewa ikakosa pa kukaa, ikatoka, na maneno yakatoka nayo.

"Uko chini ya paa, Baba. Watu wako wamo mvuani."

Baba Dira alishusha macho. Alitazama ukingo wa paa lake, mahali maji yalipokuwa yakichuruzika, kisha akatazama nje yake, polepole, kama mtu anayeonyeshwa ramani ya nchi ya mbali. "Tangu saa ngapi?" akamwuliza waziri aliye karibu. Waziri huyo akasema kwamba hakuna mvua. Baba akanyoosha mkono nje, akaurudisha, akautazama.

"Waende kwao," akasema, akaketi.

Watu hawakuondoka mara moja. Walidhani ni mtego. Wakaanza wa nyuma, mmoja mmoja, kinyumenyume, hadi ikaonekana kwamba kweli hakuna anayepiga risasi, na ndipo wote wakatoka, kimya, wamebeba watoto wao.

Ndani ya turubai Waziri Kandonga alikuwa amekaa juu ya sanduku, rangi imemtoka. Mlinzi wa Baba aliingia, akauliza nani amesema maneno yale. Sikudhani akanyanyuka, tayari. Waziri akawahi.

"Jicho la Baba," akasema. "Nani mwingine?"

Mlinzi akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Baba anasema atakuwa analiuliza swali kila Ijumaa," akasema, akatoka.

Walibaki wawili, wakisikiliza mvua juu ya turubai. Sikudhani alikuwa akitetemeka, na hakujua kama ni hofu au baridi, kwa kuwa ile nguo ya pili alikuwa ameivua siku nyingi. Akakohoa kidogo. Waziri aliinua kichwa kama aliyesikia mlipuko. Akavua koti lake akamfunika mabegani, akafungua mwavuli wake, akamsindikiza nje hadi kwenye gari la wizara, kwenye tope, akimshikilia mwavuli kwa mikono miwili, yeye mwenyewe akilowa chapachapa na kumsihi kwa kunong'ona apumulie puani, asije akapata mafua.